Damu Inapozidi: Ugonjwa wa Wakazi wa Milima Mirefu



Wanakamati wengi wa parokia wanaufahamu vizuri upungufu wa damu. Mama mjamzito anapimwa kliniki, anaambiwa damu yake ni 8, anapewa vidonge vya madini ya chuma na kuhimizwa ale mboga za majani, maini na dagaa. Mtoto aliyeugua malaria mara kwa mara analetwa akiwa na viganja vyeupe, na wakati mwingine ni chupa moja tu ya damu inayomwokoa. Kwa hiyo tukisema kwamba wapo watu duniani wanaougua kwa sababu damu yao imekuwa nyingi mno, hata mganga analazimika kuipunguza, msomaji anaweza kudhani tunafanya mzaha.

Si mzaha. Ugonjwa huo upo, unajulikana kwa karibu miaka mia moja sasa, na katika miaka ya karibuni watafiti wamegundua jambo ambalo wengi hawakulitarajia: tatizo si tu kwamba mwili unazalisha chembe nyingi za damu. Tatizo ni kwamba chembe changa ambazo zingepaswa kufa hazifi. Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu, kwa sababu linabadilisha namna ya kufikiri juu ya tiba, na pia kwa sababu wafadhili wanaosaidia afya katika nchi za milima wanahitaji kujua fedha zao zinaweza kufanya nini na haziwezi kufanya nini.

MAHALI PENYEWE

Twende Peru, Amerika ya Kusini, katika safu ya milima ya Andes. Huko kuna mji wa migodi uitwao Cerro de Pasco, ulio zaidi ya mita 4,300 kutoka usawa wa bahari. Wasomaji wetu wa Moshi na Rombo watalielewa jambo hili haraka. Vibanda vya Horombo katika Mlima Kilimanjaro viko mita 3,720, na kibanda cha Kibo, ambako wageni hupumzika kabla ya kupanda kileleni, kiko mita 4,720. Cerro de Pasco uko katikati ya hapo. Tofauti ni kwamba Kibo watu hulala usiku mmoja na kushuka, lakini Cerro de Pasco ni mji kamili wenye shule, masoko, makanisa, wazee na watoto wachanga. Katikati ya mji kuna shimo kubwa sana la mgodi, na nyumba zimelizunguka.

Kusini zaidi katika nchi hiyohiyo kuna La Rinconada, makazi ya wachimba dhahabu yaliyo kwenye mita 5,100 hivi. Hapo ni juu kuliko kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, ambacho ni mita 4,985. Huko nako watu wanaishi mwaka mzima na familia zao. Hawako peke yao: kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2021, watu zaidi ya milioni 80 duniani wanaishi juu ya mita 2,500.

Wengi hudhani kwamba hewa ya mlimani ina oksijeni chache ikilinganishwa na gesi nyingine. Sivyo. Sehemu ya oksijeni ni ileile, asilimia 21, pwani na mlimani. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa ilivyobanana. Cerro de Pasco, kanieneo hiyo ni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Mtu akivuta pumzi ileile moja, anapata oksijeni kama sita ya kumi. Hali hiyo haimwachi usiku wala mchana, tangu kuzaliwa hadi kufa.

Mwaka 1925 daktari mmoja wa Lima, Carlos Monge Medrano, alieleza habari za mgonjwa kutoka Cerro de Pasco ambaye damu yake ilikuwa imezidi kupita kiasi, na miaka iliyofuata akaeleza wengine. Ugonjwa ukaitwa kwa jina lake, ugonjwa wa Monge. Mgonjwa huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, hukosa pumzi na usingizi, moyo humwenda mbio, masikio humlia, na mikono na miguu humwaka au kufa ganzi. Midomo na kucha hugeuka rangi kuwa kama zambarau. Usichanganywe na ugonjwa wa mlima unaowapata wapanda Kilimanjaro katika siku za kwanza. Ule huja upesi na kuondoka mtu akishuka au akizoea. Huu wa Monge huwapata watu waliozaliwa hukohuko juu, na huja polepole, mara nyingi wakiwa watu wazima tayari.

Mwaka 2005 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya kipimo. Mwanamume mkazi wa milimani mwenye himoglobini ya gramu 21 au zaidi kwa desilita, au mwanamke mwenye 19 au zaidi, anahesabiwa kuwa damu yake imezidi. Kumbukeni kwamba mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya 12. Mtu wa 21 ana karibu mara mbili ya hapo.

Mtu anaweza kuuliza: damu nyingi si ndiyo inayobeba oksijeni nyingi? Ni kweli, lakini hadi kiwango fulani. Chembe zikizidi, damu inakuwa nzito kama uji uliokolea. Ni sawa na kuongeza malori katika barabara nyembamba: mwanzoni mzigo unafika mwingi zaidi, kisha foleni inaanza, na mwisho wake hakuna lori linalosogea. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi na mishipa ya mapafu huelemewa. Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa, na kiharusi kikafuata. Hivyo mwili uliotaka kujisaidia unajidhuru kwa msaada wenyewe.

KITALU CHA DAMU

Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huzeeka na kuondolewa. Kwa hiyo mwili hauna budi kutengeneza nyingine kila wakati, na kwa mtu mzima idadi yake ni kama milioni 2 kwa kila sekunde moja. Kazi hiyo hufanyika katika uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa.

Mizani ya kujua kama damu inatosha iko katika figo. Ndani ya seli za figo kuna protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwa ya kutosha, HIF inavunjwa ndani ya dakika chache tu baada ya kutengenezwa. Oksijeni ikipungua haivunjwi, bali inaingia katika kiini cha seli na kuamuru kutengenezwa kwa homoni iitwayo eritropoyetini. Kwa ugunduzi wa jinsi seli zinavyotambua oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye uboho. Wasomaji wenye ndugu wanaosafishwa damu hospitalini kwa sababu ya figo kushindwa huenda wameiona kwa macho, maana wagonjwa hao mara nyingi huchomwa sindano za eritropoyetini iliyotengenezwa kiwandani. Figo zao haziwezi tena kuitoa, na bila hiyo damu hupungua.

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari yetu. Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba eritropoyetini ni kama mkulima anayepanda mbegu: homoni ikiwa nyingi, mbegu nyingi zinapandwa, chembe nyingi zinatoka. Lakini fikirini kitalu cha miche. Mkulima mzoefu hapandi mbegu kwa idadi kamili ya miche anayoitaka. Anamwaga mbegu nyingi. Miche inachipua mingi kuliko nafasi ya shambani, na ile isiyopata maji inakauka. Idadi ya miche itakayofika shambani inaamuliwa na maji kuliko mbegu.

Eritropoyetini kwa sehemu kubwa ni maji. Uboho kila siku huanzisha seli changa nyingi zaidi ya zinazohitajika. Zikifika hatua fulani ya ukuaji, seli hizo haziwezi kuishi bila kuambiwa na homoni ziendelee kuishi. Zisipoambiwa, zinajiua zenyewe kwa utaratibu maalumu: zinakatakata chembe zao za urithi na kusambaratika bila kuleta madhara kwa jirani. Mwaka 1990 Mark Koury na Maurice Bondurant, watafiti wa Marekani, walionyesha jambo hili kwa seli za panya. Seli changa zilizokosa eritropoyetini zilianza kukata chembe zao za urithi na kufa. Zilizopewa homoni hazikufanya hivyo.

Kifo hicho si ugonjwa. Ni akiba ya busara. Mtu akiumia na kupoteza damu nyingi, uboho hauna haja ya kungoja mbegu mpya zichipue, kwa sababu miche iko tayari kitaluni. Figo zinaongeza maji, miche iliyokuwa ikauke inapona, na baada ya siku chache chembe nyingi zinaingia katika mzunguko wa damu. Hasara ya kila siku ndiyo inayoleta wepesi siku ya dharura. Sisi binafsi tunauona mpango huu kuwa wa ajabu, na kadiri tulivyousoma ndivyo ulivyozidi kutushangaza.

AMRI YA KUISHI INAVYOPITA

Juu ya ukuta wa seli changa kuna kipokezi, mfano wa tundu la ufunguo. Eritropoyetini ikiingia humo, protini iliyo upande wa ndani iitwayo JAK2 inaamka na kuiamsha nyingine iitwayo STAT5, ambayo huingia katika kiini cha seli na kuagiza ulinzi. Njia nyingine hupitia protini iitwayo AKT, na kazi yake ni kuwanyamazisha wale wanaoita kifo. Ziko njia nyingine ndogondogo ambazo hatutaziingia hapa.

Mlinzi anayeagizwa ni protini yenye jina la BCL-XL. Kila seli ina vijumba vidogo vya kutengeneza nguvu viitwavyo mitokondria. Kuta za vijumba hivyo zikitobolewa, vilivyomo vinavuja na kuamsha vimeng'enya vya kubomoa, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. BCL-XL inakaa kwenye kuta hizo na kuwazuia watoboaji. Umuhimu wake ulionekana mwaka 1995, pale panya waliokosa jeni yake walipokufa kabla ya kuzaliwa, seli zao changa za damu na za neva zikiwa zimekufa kwa wingi.

Kwa hiyo kila seli changa ya damu inaishi kati ya sauti mbili, moja ya kifo na moja ya uhai. Wingi wa damu ya mtu unategemea sana ni sauti ipi inayosikika zaidi.

MAJIRANI WAWILI

Turudi Cerro de Pasco. Wanaume wawili wanaishi mtaa mmoja. Wanavuta hewa ileile, wanakula viazi vilevile, na mababu zao walikuwa watu wa milima hiyohiyo. Mmoja ana miaka 50 na afya njema. Mwenzake ana damu ya 23 na hawezi kupanda kilima bila kusimama mara tano. Kwa nini?

Jibu la haraka lingekuwa kwamba mgonjwa ana eritropoyetini nyingi zaidi. Wengine wanayo nyingi kweli. Lakini vipimo vya wagonjwa na vya wazima huingiliana sana, na wapo wagonjwa ambao homoni yao haizidi ile ya jirani mzima. Kwa maneno mengine, maji ni yaleyale, lakini kitalu kimoja kinafurika miche.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiongozwa na Gabriel Haddad, walifanya kazi na wenzao wa Peru kutafuta sababu katika urithi. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya kusoma chembe za urithi za wakazi 20 wa milimani, nusu wagonjwa na nusu wazima. Kati ya jeni zilizotofautiana kulikuwa na moja iitwayo SENP1.

Kisha wakafanya jaribio ambalo kwa maoni yetu ni zuri kuliko yote katika habari hii. Huwezi kufungua uboho wa mtu kila wiki uone kinachotokea. Badala yake walichukua kipande kidogo cha ngozi ya kila mtu. Seli za ngozi hizo walizirudisha katika hali ya uchanga kabisa, kisha wakazikuza upya ziwe seli za damu ndani ya vyombo vya maabara, zikiwa katika hewa yenye oksijeni haba. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Seli za wakazi wa milimani walio wazima hazikuongeza damu kwa sababu ya uhaba huo, na za watu wa pwani ziliongeza kiasi. Seli za wagonjwa ziliongeza kwa wingi mno, hadi mara 60.

Tafadhalini litazameni jambo hili vizuri. Katika chombo cha maabara hakuna figo, hakuna mapafu, hakuna vumbi la mgodi wala sigara. Homoni iliwekwa na watafiti wenyewe. Tofauti ilikuwa ndani ya seli.

Na SENP1 inafanya nini? Protini nyingi mwilini hubandikwa kipande kidogo kinachopunguza au kubadili kazi yao, mfano wa lakiri kwenye mlango. SENP1 ni mtoa lakiri. Protini mojawapo inayofunguliwa nayo ni GATA1, ambaye ni kama msimamizi mkuu wa utengenezaji wa chembe nyekundu. Kati ya maagizo ya msimamizi huyo limo lile la kutengeneza BCL-XL, yule mlinzi wa uhai. Kwa wagonjwa, oksijeni ikipungua SENP1 inapanda kupita kiasi. Lakiri zinatolewa, GATA1 anachapa kazi bila breki, BCL-XL inaongezeka, na miche iliyopaswa kukauka inakataa kukauka. Watafiti walipopunguza SENP1 katika seli za wagonjwa, seli hizo zikafanana na za wazima. Walipoiongeza katika seli za wazima, zikawa kama za wagonjwa.

Hatutaki msomaji adhani kwamba jeni moja imemaliza maneno yote. Watu 20 ni wachache, na ugonjwa huu una milango mingi. Umri unachangia, na vilevile kupumua kwa udhaifu usingizini na maradhi ya mapafu. Mwaka 2002 watafiti walikuta madini ya kobalti katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa Cerro de Pasco, na kobalti inaweza kuuhadaa mwili uone kwamba oksijeni imepungua kuliko ilivyo kweli.

Wanawake nao wana habari yao. Ugonjwa huu ni nadra kwa mwanamke ambaye bado anapata siku zake, lakini baada ya ukomo wa hedhi huanza kuonekana zaidi. Zamani ilisemwa kwamba hedhi ndiyo inayopunguza damu, na kwamba homoni za kike humfanya mwanamke apumue vizuri zaidi. Utafiti wa mwaka 2021 wa kundi hilohilo la San Diego uliongeza jambo jingine. Homoni ya estrojeni ilipowekwa katika seli za wagonjwa, GATA1 ilishuka, BCL-XL ikashuka nayo, na seli za ziada zikafa kama inavyotakiwa. Hivyo mwanamke wa umri wa kuzaa hubeba ndani yake kitu kinachoirudishia sauti ya kifo nguvu yake.

WENGINE WALIISHIJE?

Si watu wote wa milimani walioifuata njia ya Andes. Jirani zetu wa Ethiopia ni mfano mzuri. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Waamhara wanaoishi mita 3,530 katika milima ya Simien. Himoglobini ya wanaume wao ilikuwa wastani wa 15.9, ambayo ni kama ya mtu wa nchi tambarare, na oksijeni katika damu yao ilikuwa asilimia 95.3. Watu wa Tibet nao wana oksijeni chache katika damu, lakini mwili wao haukimbilii kuzidisha chembe. Mwaka 2010 ilionekana kwamba wengi wao wamerithi aina ya pekee ya jeni ya EPAS1, ambayo ni mojawapo ya zile zinazotengeneza protini za HIF. Ugonjwa wa Monge ni haba sana kwao kuliko Andes.

KWA KAMATI NA WAFADHILI

Je, mambo haya ya maabara yana maana gani kwa mtu anayepanga bajeti ya zahanati?

Kwanza, kipimo cha damu hakisomwi bila kuuliza mgonjwa anaishi mita ngapi. Kipimo cha 12 ambacho pwani ni sawa kinaweza kuwa upungufu kwa mama wa mita 4,000. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa viwango hivyo mwaka 2024, pamoja na marekebisho ya mwinuko. Hata hivyo baadhi ya wataalamu wa Peru wamebishana kwa miaka mingi kwamba marekebisho ya namna hiyo yanawahesabu watoto wengi wa Andes kuwa na upungufu ambao hawana. Mfadhili anayeombwa kununua vidonge vya chuma kwa mkoa mzima wa milimani ana haki ya kuuliza upungufu huo ulihesabiwaje.

Pili, mtu wa Mwanza au Mombasa mwenye damu iliyozidi hana ugonjwa wa Monge. Huenda anavuta sigara sana, au ana maradhi ya mapafu. Huenda pia ana ugonjwa wa uboho ambao JAK2 imeharibika na kubaki imewashwa muda wote, seli zikisikia amri ya kuishi hata pale ambapo hakuna anayeitoa. Kasoro hiyo ya JAK2 ilitambuliwa mwaka 2005, na zipo dawa za kuituliza. Mtu kama huyo apelekwe hospitali ya rufaa. Asiachwe aendelee kusifiwa kwamba ana damu nzuri.

Tatu ni tiba yenyewe, na hapa ndipo penye uchungu. Njia ya kale ni kutoa damu kwenye mshipa. Wazee wetu wanajua kuumika kwa pembe, lakini huku ni kutoa damu kwa sindano na mfuko, kiasi cha kutosha hata damu iwe nyepesi. Mgonjwa hupata nafuu. Nafuu hiyo haidumu, kwa sababu kitalu hakijabadilika. Aidha, damu inapotoka, madini ya chuma yanatoka nayo. Utafiti uliofanywa na wagonjwa wa Cerro de Pasco na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba baada ya kutolewa damu mara kadhaa, shinikizo katika mishipa ya mapafu yao lilipanda. Kwa hiyo mradi unaotegemea kutoa damu peke yake si mradi wa kushangiliwa.

Iko dawa ya zamani iitwayo asetazolamidi. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaifahamu, kwa kuwa wageni wengi huimeza kabla ya kupanda, na madaktari wa macho huitumia kwa presha ya macho. Inamfanya mtu apumue zaidi, hasa usingizini, oksijeni inaongezeka, na figo zinapunguza homoni. Katika jaribio lililofanyika Cerro de Pasco na kuchapishwa mwaka 2005, wagonjwa waliokunywa miligramu 250 kwa siku kwa wiki tatu walipungukiwa eritropoyetini kwa zaidi ya nusu, na wingi wa chembe zao ukashuka. Jaribio lililofuata, la miezi sita, lilichapishwa mwaka 2008 na kuonyesha kwamba dawa inavumilika. Tukirudi kwenye mfano wetu, dawa hii inapunguza maji ya kitalu. Haigusi miche yenyewe.

Basi kwa nini asitengenezwe mtu wa dawa ya kumzuia mlinzi BCL-XL moja kwa moja? Wazo hilo lina mvuto, lakini mlinzi huyu halindi chembe nyekundu peke yake. Chembe sahani, zile zinazozuia damu kutoka tunapojikata, zinaishi kwa ulinzi wake. Dawa za kuzuia BCL-XL zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, chembe sahani zilianguka. Haingekuwa hekima kumtoa mtu katika hatari ya damu kuganda na kumtia katika hatari ya kutokwa damu ovyo. Ndiyo sababu watafiti wanatazama hatua za juu zaidi, kama SENP1, ambako tofauti kati ya mgonjwa na jirani yake ndiko ilikoanzia.

Tiba ya uhakika kuliko zote ni kushuka. Mgonjwa akihamia pwani, figo zinapunguza homoni, miche ya ziada inakauka, na katika muda wa wiki chache damu inarudi karibu na kawaida. Lakini nani anaweza kushuka? Huko La Rinconada wachimbaji wengi hufanya kazi kama mwezi mzima bila mshahara, kisha hupewa siku moja ya kubeba mawe yao wenyewe, wakitumaini kwamba ndani yake mna dhahabu. Wanawake hawaruhusiwi kuingia shimoni, hivyo huchambua mawe yaliyotupwa nje. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na daktari ashuke, anaambiwa aache chakula cha watoto. Wengi hushuka kwa muda, hupata nafuu, kisha fedha zinapokwisha hupanda tena. Seli zao ni zilezile, na baada ya wiki kadhaa kipimo cha damu huanza kupanda nao.